Mama Amechelewa

Kuna maneno ya Kiingereza ambayo ukiyakaribisha nyumbani hayavui viatu. Hili la "late" ni mojawapo. Herufi nne tu, ukilitamka halijazi hata kinywa, lakini ndilo lililomkosesha Rumaisa maziko ya mama yake. Na lilimkosesha huku anacheka. Sisemi hivyo kwa kumsuta, maana nampenda. Nasema kwa sababu kicheko hicho ndicho kinachomla mpaka leo, na tukikiruka hatutaelewana.

Alilijua neno hili akiwa darasa la pili, kwao Kilifi. Mwalimu wa zamu alisimama langoni na fimbo, na kila aliyefika baada ya kengele aliambiwa "You are late," kisha akachapwa mbili za miguu. Kwa hiyo late ni kuchelewa. Hilo halikuhitaji kamusi. Mwaka huohuo baba yake, fundi wa kuezeka, akaanguka kutoka kwenye paa Mombasa na hakuinuka. Watu wazima, kwa ile tabia yao ya kuwafanya watoto wajinga, wakamwambia baba amesafiri. Haukupita muda ikaja fomu ya msaada wa karo. Mwalimu akaijaza mbele yake, na pale penye jina la baba akaandika: late.

Mtoto akarudi nyumbani anaruka. Kumbe baba hakupotea, amechelewa tu! Jioni akakaa kizingitini, macho njiani. Jioni ya pili vivyo hivyo. Jioni ya tatu mama yake, Bi Nunu, akamuuliza anamngoja nani, na alipojibiwa aliinuka. Alivaa buibui lake akaenda kwa mwalimu kuuliza, kwani Kiingereza chake yeye kiliishia kwenye "yes" na "no". Aliporudi aliketi kando ya mwanawe palepale kizingitini, akampakata mtu mzima yule wa miaka minane, akamwambia, "Huyu wa kwenye fomu si wa kuchelewa, mwanangu. Huyu hafiki. Wenyewe wakiona haya kusema mtu kafa, husema hivyo." Walilia pamoja mpaka mbu wakawaingiza ndani.

Basi alijua. Tena alijua hata akafundisha. Mdogo wake Jaafar, ambaye alikuwa tumboni baba yao alipoanguka, alipofika darasa la tano aliandika kwenye insha yake kwamba baba yake "died". Rumaisa akachukua kifutio.

"Died ni la kuku na mbuzi," akamwambia. "Baba yetu sema is late. Ni adabu."

Lakini Dubai nayo ni mwalimu, na haina likizo. Rumaisa alikuwa anaumaliza mwaka wa sita katika kiwanda kimoja cha kupakia tende huko Dubai Investments Park, na katika miaka sita hiyo neno lilinolewa upande mmoja tu. Asubuhi ulibonyeza kidole kwenye mashine ya mlangoni. Ukibonyeza baada ya saa kumi na mbili kamili, kioo kiliwaka chekundu: LATE. Ukipata nyekundu tatu kwa mwezi, siku yako ya mapumziko imekwenda. Dereva wa basi alipiga honi akipayuka, "Late, late, yalla!" Lori la katoni likikawia, late. Chai ikikawia, late. Mle ndani walikuwamo Wanepali, Wafilipino, Waganda, watu wa Kerala na wa Peshawar, na kila mmoja alikuwa na maneno yake kumi ya Kiingereza ya kubahatisha, lakini hilo walikuwa nalo wote. Ile late ya kwenye fomu, ile ya kizingitini, haikuwa na kazi Dubai. Ikalala mahali, ikafunikwa na tende.

Sasa, jambo lililokuwa limemjaa Rumaisa moyoni ni moja: mama yake anakuja. Miaka sita hawakuwa wameonana ila kwenye simu. Likizo ya kwanza ilipofika, ndege zilikuwa zimefungwa kwa maradhi yale ya korona. Ya pili ilimkuta anabadilishiwa visa. Akaona liwalo na liwe, kama yeye haendi basi mama atakuja, na akamtafutia visa ya matembezi ya mwezi mmoja. Alikuwa amepanga chumba kidogo mtaa wa Karama pamoja na Jecinta, Mkamba mwenzake wa kiwandani, zamu nyingine. Walihamisha kabati, wakanunua godoro, wakatandika shuka jipya. Bi Nunu alikuwa hajawahi kupanda ndege. Kwa majuma mawili aliuliza swali lilelile kila siku: huko juu kuna choo?

Usiku wa kuamkia safari walizungumza mpaka simu ya Rumaisa ikakata kwa kuisha chaji. Neno la mwisho aliloambiwa ni kuhusu achari ya ndimu, chupa mbili, moja yake na moja ya yule msimamizi wake ambaye huwa anamtaja. "Nimeifunga kwa nailoni tatu," alisema Bi Nunu, "isije ikaninukia kwa watu." Rumaisa alilala na furaha, na mtu mwenye furaha husahau. Simu hakuichaji.

Asubuhi akaitupia kabatini kiwandani, kwani ndani ya ukumbi wa kupakia simu haziruhusiwi. Alikuwa amekwisha kupatana na Irshad, huyo msimamizi wa kuletewa achari, mtu wa Kerala mwenye masharubu mazito na roho nyepesi. Makubaliano yalikuwa kwamba Rumaisa atafanya kazi saa ya chakula bila kupumzika, ili aachiwe saa tisa badala ya kumi na mbili. Ndege ingetua saa kumi na moja na nusu jioni. Kila mtu ukumbini alijua, maana kila mtu alikuwa ameambiwa, hata asiyeuliza. Mwanamke mmoja wa Nepali alikuwa amemletea bangili za mama.

Huko Kilifi, Bi Nunu aliamka alfajiri akatawadha, akaswali, akatoa salamu kuliani, na ya kushotoni hakuitoa. Alianguka ubavu juu ya msala. Sanduku lake lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba.

Jaafar alimpigia dada yake, simu haipatikani. Akapiga tena na tena. Kaka wa marehemu, mjomba wao Sultan, akasema maiti haicheleweshwi bila sababu, lakini mtoto ni sababu: kama Rumaisa anakuja, mama yake atawekwa hospitali hadi kesho asubuhi, kama haji, watamzika adhuhuri. Neno la Rumaisa ndilo litakaloamua. Jaafar akapekuapekua simu yake mpaka akaipata namba ambayo dada yake alimtumia zamani, ya msimamizi, kwa ajili ya dharura tu. Ilikuwa saa mbili asubuhi Kilifi, saa tatu Dubai.

Irshad akafungua dirisha la ofisi yake linalotazama ukumbini, simu sikioni, mashine zinanguruma. Alikuwa anatabasamu, masikini ya Mungu, kwa kuwa aliposikia "Kenya" na "mother" akili yake yote ilikwenda uwanja wa ndege.

"Rumaisa! Your brother!" alipaza sauti. "Mother is late. He is asking, wait or proceed?"

Hayo ndiyo maneno yenyewe, wala sikuongeza. Mama ni late. Ndugu yako anauliza, kungoja au kuendelea?

Na Rumaisa, yule wa kizingitini, aliyepakatwa akafafanuliwa neno hilo na huyohuyo anayesemwa, alisikia nini? Alisikia mashine ya mlangoni. Alimwona mama yake amechelewa kutoka nyumbani, amerudi kukagua kama jiko limezimwa, amerudi tena kuaga majirani, gari linangoja, Jaafar anapandisha mori na kuuliza: warudishe sanduku ndani wangoje siku nyingine, au waendelee na safari hivyohivyo? Wala haikuwa ajabu, maana Bi Nunu hata nikahi yake mwenyewe alichelewa.

Akacheka. Alicheka kicheko cha tumboni, kikapita juu ya mashine, hata wenzake wakacheka bila kujua kichekesho ni nini.

"Tell him no problem!" akajibu. "Proceed, proceed!"

Hakuna shida. Endeleeni.

Irshad akalirudia hilo kwenye simu, neno kwa neno. Rumaisa aliona anasikiliza kidogo, kisha anasema, "Yes, yes, I told her. She is happy." Halafu dirisha likafungwa.

Kuuliza si ujinga, husemwa. Bi Nunu hakujua Kiingereza na aliuliza. Mwanawe alikijua, na kwa sababu alikijua hakuuliza. Kutoka nje kwenda kupiga simu kungemaanisha kuvua koti, kofia na buti, kunawa, kuvaa upya, robo saa nzima, naye robo saa hiyo alikuwa anaiwekea mama yake. Akaendelea kupanga tende. Saa saba na nusu za mchana, alipokuwa anafanya kazi ya saa ya chakula peke yake na kuimba chini chini, ndiyo saa waliyomshusha Bi Nunu kaburini.

Saa tisa akatoka mbio. Simu ilikuwa jiwe, haiwaki. Hakujali. Alikuwa na mfuko wenye sweta na soksi nzito, kwani mama angeogopa baridi ya viyoyozi, akapanda metro akiwa amesimama njia nzima ingawa viti vilikuwepo.

Jecinta alimkuta uwanjani, kwenye vyuma vya kungojea abiria, na chupa ya chai ya tangawizi aliyoibeba kutoka Karama. Ubao wa ndege uliandika kwamba ndege ya Mombasa imeshatua, tena kwa wakati wake.

"Eh, imefika on time," alisema Jecinta.

"Afadhali. Walikuwa wamechelewa kutoka nyumbani, nikajua ndege itamwacha mama."

Abiria wakaanza kutoka. Wakatoka wafanyabiashara na mabegi yao matupu ya kujazwa, wakatoka wasichana wa kazi wakimfuata wakala kwa mstari mmoja, akatoka bibi mmoja kwenye kiti cha magurudumu, na Rumaisa akainuka kwa vidole vya miguu, lakini hakuwa yeye. Baada ya nusu saa walikuwa wanatoka mmojammoja.

"Labda amekwama uhamiaji," alisema Rumaisa. "Au ndege ilimwacha. Ndiyo maana Jaafar alipiga kazini."

"Alipiga kazini? Lini?"

"Asubuhi. Alimpigia Irshad. Mama alichelewa."

Jecinta alikuwa anamimina chai kwenye kifuniko cha chupa. Akaacha kumimina.

"Alisema aje? Sema vile alisema."

"Si nimekwambia? Alisema mama amechelewa, wangoje au waendelee."

"Hapana. Irshad hajui Kiswahili, Rumaisa. Alisema aje na Kizungu?"

Rumaisa akafungua kinywa kulisema. Na unajua, neno ukilisikia kwa mwingine huweza kukupita, lakini ukilitoa mwenyewe lazima lipite kwenye ulimi wako, na ulimi una kumbukumbu zake.

"Mother is late," akasema.

Akalisikia.

Jecinta hakumtazama. Aliweka kifuniko chini polepole. Watu wawili hawa wa Kenya, waliojaza fomu zilezile za karo katika shule tofauti, hawakuhitaji kuelezana. Jecinta mwenyewe aliandika "late" kwenye nafasi zote mbili, ya baba na ya mama, tangu akiwa na miaka kumi.

"Pengine si hivyo," alisema. "Wacha tupige. Shika simu yangu. Pengine si hivyo."

Jaafar alipokea mara moja. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi na mtu anasoma Yasini, na hapo Rumaisa hakuwa tena na la kuuliza, lakini akauliza.

"Jaafar. Mama yuko wapi?"

"Tushamzika, da Rumaisa." Sauti yake ilikuwa kavu. "Adhuhuri. Wewe si ulisema hakuna shida?"

"Jaafar..."

"Niliuliza tukungoje au tuendelee. Mjomba alikuwa tayari kungoja hadi kesho. Watu walikuwa wamekaa, wote wanakungoja wewe useme. Ukasema hakuna shida, tuendelee. Na nilikusikia. Mwanzo nikadhani ni kilio. Nikabana simu sikioni. Ulikuwa wacheka, dada."

Rumaisa akashika chuma kwa mikono miwili, na Jecinta akamshikilia simu sikioni. Alijieleza, maneno yakigongana. Alidhani amechelewa. Alidhani wamechelewa gari, wamechelewa ndege, alidhani mama amerudi kutazama jiko. Hakujua. Wallahi hakujua.

Upande wa pili ile Yasini iliendelea kusomwa.

"Late?" alisema Jaafar hatimaye, na ule ukavu ukakatika, ikabaki sauti ya mtoto. "Wewe ndiye uliyenifundisha neno hilo."

"Najua."

"Mjomba aliniambia, sema inna lillahi tu, yule bwana ni Muislamu, ataelewa. Nikamwambia la. Anazungumza Kiingereza, nitamwambia kwa Kiingereza. Na nilitaka kusema died, dada. Lilikuwa mdomoni. Nikakukumbuka. Nikasema da Rumaisa atakasirika, atasema nimemfanya mama kuku."

Akalia, na dada yake akalia, na kwa muda simu ya Jecinta haikubeba kitu kingine. Hakuna aliyekuwa na kosa, na hilo ndilo baya zaidi, maana mwenye kosa angalau ungemchukia ukapumua. Irshad alisema alichoambiwa. Jaafar alisema alichofundishwa. Rumaisa alifundisha adabu.

"Unakuja?" aliuliza Jaafar, baada ya kupenga.

"Nakuja. Nitapanda ya leo. Nitapanda yoyote."

"Njoo tu, dada. Usijikimbize." Kisha akaongeza: "Hakuna tena cha kuchelewea."

Simu ikakatika. Jecinta akamwekea mkono begani, akamwambia twende, twende nyumbani kwanza, kesho tutaomba ruhusa, khalas, hapa hakuna mtu tena. Rumaisa aliitikia kwa kichwa kuwa amesikia. Lakini alitoa sweta mfukoni, akalikunjua, akalikunja upya vizuri, akalishika kifuani, akabaki amesimama kwenye kile chuma macho mlangoni. Alitoka mzungu mmoja na begi la mgongoni. Akatoka rubani na wasaidizi wake. Mlango ukajifunga, ukakaa umefungwa, na yeye bado anatazama.

Alijua. Safari hii alijua yote, maana zote mbili za neno, na bado alingoja, kama alivyongoja jioni zile tatu kizingitini. Tofauti ni kwamba jioni ile ya tatu alikuja mtu kukaa kando yake, akampakata na kumwambia ukweli mpaka akaweza kuinuka. Jecinta alimvuta mkono tena, taratibu. Rumaisa akasema, "Ngoja kidogo, dada. Mama yangu huwa anachelewa."